Sufuria Kutoka Kilindini

Manase alirudi kwao Pangai, mji mdogo wa kisiwani, siku ya Ijumaa, baada ya majuma sita baharini. Alikuwa kibarua katika meli ya kutafuta madini. Meli hiyo iliteremsha kikapu kizito cha chuma hadi kilindini, kikakwangua mawe na kuyaleta juu yapimwe.

Alimletea mama yake, Lavinia, sufuria ndogo ya shaba iliyojaa kutu ya kijani. Ilipanda pamoja na mawe. Manase aliificha kwenye begi lake bila kumwambia mtu. Alijua mama anapenda vyombo vya kale.

Jumamosi yote Lavinia aliisugua kwa majivu na ndimu. Jumapili walikwenda kanisani. Jumatatu jirani yao Kalolaine alikuja kumsaidia kugonga magome ya kutengenezea nguo. Kalolaine alifanya kazi katika ofisi ya mambo ya kale. Alipoiona sufuria, aliuliza ilikotoka, na Lavinia akamweleza.

"Ungeiona ilivyokuwa chafu," alisema Lavinia. "Hata ubavuni kulikuwa na mikwaruzo kama herufi. Nimesugua mpaka mkono umeniuma."

Kalolaine aliiweka chini taratibu. Akauliza ni herufi gani. Lavinia hakujua, maana hakuwa amevaa miwani. Manase naye aliulizwa sufuria ilipanda na kikapu cha saa ngapi, kutoka upande gani. Hakukumbuka. Siku ile walishusha kikapu mara tano.

"Manase, hukusomewa masharti ulipoanza kazi?"

"Karatasi zilikuwa nyingi, dada. Nilitia sahihi tu."

"Basi sikia sasa. Ukikuta mifupa ya watu au chombo cha kale, kazi inasimama. Hugusi zaidi. Unamwambia mkubwa wako papo hapo. Mahali panaandikwa, wenye mamlaka wanapewa taarifa, na hapaguswi tena mpaka wajuzi wapaangalie. Hiyo ni sheria, si hisani."

"Kwa sufuria?"

"Sufuria ni shahidi. Wewe umemtoa mahakamani kabla hajasema neno."

Lavinia akasema kwa sauti ndogo, "Babu yangu alikuwa mpishi."

Wote walijua habari hiyo. Babu mzaa mama yake alipanda meli ya matanga iliyoondoka na watu ishirini na mmoja, isionekane tena. Lavinia aliitazama mikono yake, ambayo bado ilinuka ndimu.

Manase aliogopa kufukuzwa kazi. Mama yake alimwambia, "Nenda ukaseme. Mimi nimekwisha kufuta yangu. Usifute na ya wengine."

Alikwenda. Alikemewa, akasimamishwa miezi miwili. Kazi ilisimamishwa katika eneo lote walilokwangua siku ile, na kamera ikashushwa. Zilionekana mbao za meli na mawe ya kuitia uzito. Alama za kikapu zilikuwa zimepita katikati, kama jembe katika shamba la viazi vikuu. Mahali pale pakawekewa mpaka, pasiguswe tena. Lakini wajuzi hawakuweza kuitambua meli ile.

"Ni ya babu?" Lavinia aliuliza.

Kalolaine hakutaka kumdanganya. "Hatujui, mama. Pengine hatutajua kamwe."

Manase aliporudi kazini, aliyasoma masharti yote. Siku moja alisimamisha kazi akidhani pipa la mafuta ni chombo cha kale. Wenzake walimcheka wiki nzima, wakamwita Profesa Pipa. Hakuwajali.

Mwaka uliofuata aliona mbao kwenye kamera, kabla kikapu hakijashushwa. Akatoa taarifa. Meli ikasogea mbali, wajuzi wakaja. Kwa kuwa hakuna kilichoguswa, waliona kengele imelala mahali pake, na jina la meli likasomeka. Waliacha kila kitu pale pale. Familia kadhaa za visiwa vya Vava'u zilijulishwa wazee wao walipolala, na ibada ikafanywa.

Manase alimsimulia mama yake hayo yote. Lavinia alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama watoto wa marehemu walifika, na kama waliimba. Manase akasema waliimba sana.

"Afadhali wao," alisema Lavinia, akageuza uso wake upande wa ukuta.