Mwanamume wa Maganda

Sokoni asubuhi hiyo watu walikuwa wakipigana vikumbo, na muuguzi alikuwa akitembea kama mtu anayeota. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Gauni lake jeupe lilikuwa limekunjamana, sweta la bluu kalifunga kiunoni, na viatu vilimbana kana kwamba miguu imeongezeka saizi moja tangu jana. Alitaka nyanya, kisha kitanda. Basi.

Gunia likampiga mgongoni. Alipogeuka, majani ya kabichi yalikuwa yakimteremka begani.

"Samahani, dada'ngu! Samahani sana!" Mwanamume aliyelibeba gunia alivaa shati lililopauka na mabuti ya mpira yaliyomfika magotini. "Sikukuona."

"Hukuniona na weupe wote huu?"

"Nilidhani shuka limeanikwa."

Muuguzi hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka kikiwa kimekwaruza, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

"Na maganda yote hayo unamlisha nani?"

"Udongo," alijibu yule bwana, akimpangusa bega kwa uangalifu kama anayepangusa sahani ya mgeni.

Kwa kazi alikuwa fundi bomba, lakini sokoni kila mtu alimwita Maganda. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye mabomba ya watu, alizoa mabaki ya wauza mboga akayapeleka kwenye bustani ambayo wakazi walikuwa wameianzisha nyuma ya maghorofa, mahali palipokuwa jaa la taka. Maganda yakioza yanakuwa mboji, mboji inalisha mchicha, kunde na nyanya, na mavuno wanagawana. Dawa za kuua wadudu hawakuzitumia. Walipanda maua yenye harufu kali katikati ya mboga, na viwavi wakawaachia ndege.

"Njoo uone," alimwambia. "Ndege wamerudi. Hata wazee wamerudi."

"Wazee walikuwa wamekwenda wapi?"

"Walikuwa ndani. Kwenye viti vyao."

Neno hilo lilimchoma muuguzi. Nyumbani alikuwa na baba yake, fundi mitambo mstaafu, ambaye tangu afiwe na mkewe alishinda mbele ya televisheni iliyozimwa. Siku yake ya mapumziko ilipofika, akamshika mzee mkono wakashuka ngazi pamoja mpaka bustanini.

"Nimefanya kazi ya vyuma maisha yangu yote," mzee alinung'unika, "leo mnanipa mchicha?"

Jioni ilipoingia, alikuwa hataki kurudi nyumbani.

Mapenzi ya muuguzi na Maganda yakaota kwenye vipande vya muda: nusu saa kabla ya zamu, dakika chache kwenye benchi la bustani, na simu.

"Umelala?"

"Nikilala nitapokeaje simu?"

"Basi lala, kipenzi. Nilitaka kusikia sauti tu."

"Umeshaisikia. Usikate."

Na wakikaa pamoja, kila mmoja mgongo ukimuuma, walitaniana.

"Mpenzi wangu, unanuka mboji."

"Na wewe unanuka dawa ya sakafu. Tumefaana."

Kitu kimoja tu muuguzi alimwomba. "Moyo wa baba si mzima. Achambue mbegu, apalilie akiwa amekaa, lakini maji asibebe. Nakuachia wewe."

"Hatabeba. Nitambebea mimi."

Kiangazi kikaingia, bomba la bustani likawa linatoa matone tu. Mchana mmoja muuguzi akiwa wodini, kitanda cha magurudumu kikapita mbio mbele yake. Juu yake alilala baba yake, midomo imekuwa ya kijivu, mikono imejaa tope. Nyuma yake alikimbia Maganda na mabuti yake, akichafua sakafu yote.

Muuguzi alifanya kazi yake kwanza. Mzee alipopata pumzi, muuguzi akamfuata Maganda ukumbini.

"Alikuwa anabeba nini?"

Maganda alitazama chini. "Ndoo mbili."

"Nilikwambia!"

"Uliniambia."

"Na huna la kusema?"

Maganda alitazama mlango wa wodi. "Sina."

"Basi ondoka. Mimi nachunga watu kutwa kucha. Mtu mmoja tu nilikukabidhi, amekushinda hata huyo. Usinipigie tena."

Akaondoka. Muuguzi akachukua kitambaa, akapiga magoti kufuta nyayo zake, ingawa kufuta sakafu haikuwa kazi yake.

Mzee alirudi nyumbani na kwenye kiti chake. Chakula alikichokoachokoa, maneno aliyahesabu. Muuguzi alikwenda kazini, akarudi, akapika, akalala na nguo za kazi. Simu haikulia, na kila ilipokosa kulia aliitazama.

Jumapili moja mshonaji wa ghorofa ya chini, mmoja wa wenye bustani, alikuja kumjulia hali mgonjwa, amebeba furushi la kunde.

"Mzee wetu hajambo? Mjanja huyu!" alisema akikaa. "Siku ile alimtuma Maganda akalete nyasi kavu kwa wachunga mbuzi, kule mbali kabisa. Alipoona kisogo chake tu, akakamata ndoo. Mimi nikapiga kelele, akaniambia daktari kamruhusu!"

Muuguzi alimgeukia baba yake. "Baba! Ni kweli?"

"Mboga zilikuwa zinakufa," mzee alisema.

"Na yule mtu nikamfukuza kama mwizi! Mbona hukuniambia?"

"Kwani nani aliniuliza?" Kisha sauti yake ikashuka. "Mwanangu, ningesema, ungenifungia humu ndani. Na humu ndani mimi nakufa polepole."

Muuguzi aliingia jikoni. Akampigia Maganda simu.

"Kwa nini ulinyamaza?"

Upande wa pili kulisikika maji yakimiminwa. "Ningemshtaki mzee wa watu yuko kitandani, tena kwa binti yake? Nisingeweza."

"Uko wapi?"

"Wapi tena? Bomba limekauka kabisa."

Alimkuta kati ya matuta, shati limemganda mgongoni, ndoo kila mkono. Alikuwa amekonda. Nusu ya mchicha ilikuwa imekauka, lakini kunde zilisimama, na nyuki walikuwa kwenye maua.

"Nisamehe," muuguzi alisema. "Nilikuwa nimechoka, nikakumalizia wewe hasira zote."

"Nimeshakusamehe. Shika ndoo."

Walimwagilia mpaka tuta la mwisho. Baba yake, aliyeshushwa ngazi na mshonaji, alikaa kivulini na kikapu cha mbegu mapajani, akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba. Kisha wawili hao wakajitupa benchini.

"Nataka nikuoe," Maganda alisema, akitazama viganja vyake vilivyochubuka. "Siwezi kukuahidi kwamba tutapumzika. Nakuahidi tutachoka pamoja."

Muuguzi aliegemeza kichwa begani pake. "Niulize nikiamka," alisema, na usingizi ukamchukua pale pale.

Maganda hakusogea. Bega lilikufa ganzi, nzi akatembea shingoni mwake, akamwacha atembee. Mzee alipoanza kuita, mshonaji alimwekea kidole mdomoni.

Jua lilipofika ubavuni mwa ghorofa, muuguzi alijinyoosha kidogo.

"Umeamka?" Maganda alinong'ona. "Basi nauliza, utakubali niku—"

"Ndiyo," alisema, macho bado yamefumbwa. "Lakini nipe dakika kumi tena."