Kiu ya Kisima cha Misafara

Kioo cha kwanza cha dirisha kilikauka na michirizi. Sabiri alikiosha upya, akasuuza fremu kuanzia juu, akasubiri na fimbo yake ndefu yenye brashi. Maji yake yalichujwa hadi chumvi yote ikaisha. Hayakuhitaji kitambaa, yakikauka yanaacha kioo safi kabisa. Michirizi ikarudi, minane, mipana kama vidole viwili, ikipanda kutoka chini kwenda juu.

"Umechanganya maji ya bomba," alimwambia mkewe, Mwanne, aliyesimamia tangi na mpira wa maji.

"Wallahi sijachanganya. Tazama kipimo cha chumvi, kinasoma sifuri."

Sabiri alibadilisha chujio, akachemsha brashi. Bure. Hoteli ilikuwa mpya, inafunguliwa Ijumaa, na meneja wake, Wenceslaus, alishasema michirizi isipoisha kazi atampa mwingine.

"Ingia ndani," Sabiri akafoka. "Kaa nyuma ya kioo, uniambie uchafu unatoka wapi."

Ilikuwa saa sita, jua la utosi. Mwanne alisimama chumbani peke yake, akasikia harufu ya vumbi lililodondokewa na mvua, kisha sauti kama ya ng'ombe akilamba magadi, na pale maji yalipoteremka kwenye kioo akaona ndimi nane za kijivu, kavu, zilizopasukapasuka, zisizo na vinywa, zikipanda polepole zikinywa kila tone, na nje, nyuma ya ndimi hizo, mumewe akisugua, haoni kitu.

Alitoka mbio. "Kuna ndimi zinalamba," alinong'ona. "Mume wangu, maji haya umeyatoa wapi?"

Sabiri alikuwa ameyachota uani kwa jirani yao, Bi Najiat, kwenye kisima kilichofunikwa kwa jiwe tangu enzi za misafara, kwa sababu maji ya bomba yalimmalizia machujio. Bi Najiat alimsihi asikifungue: hapo watumwa walifungwa minyororo, wakafa kwa kiu huku wakiyatazama maji. Sabiri alicheka, akaling'oa jiwe kwa mtaimbo.

Jioni ile Mwanne alianza kuomba maji. Alikunywa ndoo nzima, midomo ikazidi kupasuka. Kesho yake ulimi ulikuwa wa kijivu.

Akaitwa mganga Ng'washi kutoka Puge. Mama huyo alinusa mdomo wa kisima, akakataa hata kukaa.

"Majini ya kiu haya, na yameshaonja. Rudisha jiwe. Kabla hujaziba, aliyelitoa ataje jina lake humo. Kiu itahamia kwake, mkeo atapona."

"Na nikitaja jina jingine?"

Ng'washi aligeuka kuondoka. "Yatapokea yatakalopewa."

Sabiri alikwenda peke yake. Alilisukuma jiwe hadi ikabaki nafasi ya kiganja, akainama. Chini kulikuwa kimya, kimya cha watu wengi waliozuia pumzi wasikie vizuri.

"Mwanne," alisema, "binti Selemani."

Akaziba.

Ijumaa vioo vilikauka vikimeremeta, na Wenceslaus akampa mkono mbele ya wageni. Aliporudi nyumbani alikuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Bi Najiat, aliyeongoza kuosha maiti ya Mwanne, alimvuta pembeni, mikono yake mikavu kabisa.

"Tumemmiminia ndoo saba, mwanangu," alinong'ona. "Sakafu haijalowa hata tone."

"Ongezeni maji."

"Yameisha. Na mdomo wake bado uko wazi."