Kikisomwa na Wawili

Maandishi ya kwanza yalikuwa kwenye gunia la mkaa, ndani ya picha ya duka, saa nne asubuhi: NIPO GETINI. Ofisi nzima ikanuka nywele zilizoungua.

Digrii, kama walivyomwita ofisini, akayazungushia kisanduku, akayaandika, akabonyeza. Ndiyo kazi yenyewe, jamani. Miaka minne chuo, first class, joho la kukodi, halafu unaifundisha kompyuta kusoma vibao vya saluni! Kila picha husomwa na watu wawili, kila mtu kivyake; wakiandika sawasawa, kompyuta inameza. Kisichosomeka unaandika "haisomeki". Ukizidisha hizo, nje.

Kesho yake, fulana ya mtoto kwenye picha ya harusi: NIPO MLANGONI KWA MAMA YAKO. Vidole vyake viliandika kwa mazoea kabla akili haijafika. Simu ikaita.

"Miwani," alimnong'oneza jirani yake wa meza alipoikata, "ile fulana umeandikaje?"

"Kama ilivyo. Kwani niliajiriwa kufikiri?"

"Mama anasema jana kuna mtu kagonga geti. Sasa hivi anakwaruza mlango. Na yeye pale kitandani hawezi hata kugeuka."

Miwani akaacha kutafuna kalamu. "Kumbe tunamsogeza sisi."

"Inayofuata tuandike haisomeki. Wote. Please, kaka'angu."

"Watatutimua."

"Si watutimue!"

Ikaja saa sita kamili: tiketi ya basi, maneno yamekaa wazi kabisa, na ile harufu tena. Wakaandika: haisomeki. Haisomeki. Harufu ikakata. Digrii akampigia mama.

"Kumetulia, mwanangu," mama akasema, akicheka kidogo. "Labda alikuwa paka."

Digrii alikuwa bado na simu sikioni pale supavaiza alipopiga makofi, akiwaita watazame skrini kubwa ya ukutani, kwamba nyinyi wasomi mmeshindwa lakini mwanafunzi wenu, kompyuta, ameweza, hahitaji mtu tena, na kweli kisanduku kilikuwa kinajichora chenyewe kuizunguka ile tiketi, na chini yake herufi zinajipanga moja moja bila kosa hata moja, NIPO CHUMBANI, na ile harufu ikarudi, safari hii ikitokea ndani ya simu, na Digrii, akipiga kelele "Mama! Mama!" mpaka sauti ikamkauka, akasikia mlango ukifunguka taratibu kule nyumbani, na mama, ambaye hakuwa akiongea naye tena, akimwambia mtu kwa furaha:

"Ah, mwanangu! Mbona leo umerudi mapema?"