Sauti ya Saba

Walikuwa sita, na sauti zilikuwa saba.

Kazi yao ilikuwa unukuzi: kusikiliza rekodi za mikutano na mahojiano, na kuziandika neno kwa neno, kila neno na mwenyewe. Kila mmoja aliifanya akiwa kwake, visikizi masikioni, na hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Mkubwa wao wa kazi alipoona watu wanaandikiana ujumbe kama majirani waliogombana, alimwagiza mratibu wa timu, naye mmoja wa wale sita, atafute mchezo wa kuwakutanisha mtandaoni kila Ijumaa saa kumi alasiri, ili washikamane.

Mratibu alijaribu mafumbo, wakasinzia. Alijaribu kuonyeshana picha za utotoni, lakini Chekacheka, baba wa watoto watatu asiyemaliza sentensi bila kucheka, akawatania wenzake hadi mmoja akanuna wiki nzima. Mwishowe akabuni mchezo unaowafaa watu wanaoishi kwa masikio. Wote walizima kamera. Kila mmoja alipewa namba kwa siri. Namba ikitajwa, mwenye nayo alifungua maikrofoni kwa dakika moja bila kusema kitu, na wenzake wakaisikiliza nyumba yake: feni, bomba linalovuja, jirani anayepigilia misumari. Kisha walikisia ni kwa nani. Aliyetajwa alisema, "Karibuni nyumbani kwangu," nao wakajibu kwa pamoja, "Tumeshaingia."

Wakaupenda. Wakajua kwamba dada anayenukuu kesi ana mtoto mchanga, na kwamba Chekacheka anafuga kuku uani. Nyumba ya Mzee Mkato, mkongwe wao aliyepewa jina hilo kwa ukali wake juu ya alama za mkato, waliitambua ndani ya sekunde mbili. Haikuwa na sauti yoyote. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma.

Ijumaa moja namba ya sita ilimalizika, na mratibu alikuwa anafungua mdomo kuwashukuru, sauti nyingine ilipoanza.

Alitazama kioo cha kompyuta. Maikrofoni zote sita zilikuwa zimefungwa, yake ikiwemo. Hata hivyo ilisikika feni ikigonga, na chini yake nguo ikiburutwa sakafuni, ikasimama, ikaburutwa tena, polepole, kama ya mtu anayekagua chumba kabla ya kukipanga. Dakika ilipotimia ikakatika. Maikrofoni zikafunguliwa zote kwa mpigo.

"Hiyo ni kwa mratibu!" akapaza sauti Chekacheka. "Si mmesikia feni yake ile inayogonga? Mratibu, unacheza mara mbili, mwenzetu?"

"Mimi nilikuwa namba tatu."

"Basi ya nani?"

Hakuna aliyeidai.

"Sauti haiachwi bila mwenyewe," akasema Mzee Mkato. Ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kazi yao, na hakuisema kwa ubaya.

Mratibu aliona aibu. Feni ilikuwa yake kweli, aliisikia ikigonga juu ya kichwa chake. Pengine mtambo uliifungua maikrofoni wenyewe. Na saa ilikuwa imekwenda, watu walitaka kwenda zao.

"Haya, ni kwangu," akasema. "Karibuni nyumbani kwangu."

"Tumeshaingia!"

Sauti tano zilijibu kwa pamoja. Ya sita ilichelewa kidogo, ikaitikia chini ya nyingine, na haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma ya kiti chake.

Aligeuka. Kulikuwa na ukuta, kabati la nguo na jua la alasiri sakafuni. Binti yake wa miaka sita alichungulia mlangoni. Waliishi wawili tu, na kwa jinsi mtoto huyo alivyoongea tangu anaamka mpaka analala, mtaa mzima ulimwita Kasuku.

"Mama, nani kaingia?"

"Hakuna mtu. Ni watu wa kazini."

"Mbona huyu hajavua viatu?"

Mratibu akacheka, maana hakujua afanye nini kingine.

Kesho yake chumba cha kazi kilikuwa na harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Alifua mapazia, akafungua madirisha, akatoa kabati nje. Harufu ikabaki pale pale, nyuma ya kiti. Jumapili Kasuku alikula chakula chote bila kusimulia jambo. Jumatatu alijibu kwa kutikisa kichwa. Jumanne mwalimu alipiga simu kuuliza kama mtoto anaumwa koo, kwa sababu aliitwa jina lake darasani, akasimama, akafungua mdomo, na kilichotoka ni pumzi tu. Daktari alimulika koo hilo kwa tochi, akasema ni safi kabisa, labda ametishwa na kitu, mama ampe muda.

Jumatano, saa nane mchana, walikuwa mezani. Kasuku aliketi mbele ya mama yake, kijiko mdomoni, macho yakiwa kwenye sahani. Na kutoka chumba cha kazi ikaja sauti ya Kasuku, ile ile yenye mkwaruzo mdogo mwishoni mwa kila neno, ikisema, "Mama, njoo unisuke." Mratibu hakuinuka. Alimtazama mtoto na mtoto alimtazama yeye, na chozi moja likashuka kwenye shavu la yule mdogo bila uso wake kubadilika, huku kule chumbani sauti yake ikiendelea kuita, mara kwa kudeka, mara kwa kulia, mara kwa kuimba nyimbo za shuleni alizozijua yeye, na kati ya wimbo na wimbo ikasikika nguo ikiburutwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, hadi mlangoni, ikasimama hapo, kwa adabu, kama mgeni anayesubiri kuletewa kiti.

Alimbeba mtoto, akatoka naye nje bila viatu, akampigia shangazi yake.

Shangazi alikuwa mganga. Ukoo ulimkimbilia siku za shida na kumkwepa siku za harusi, na yeye alilijua hilo. Alifika Alhamisi asubuhi na mkoba wa ngozi, akapita chumba hadi chumba akinusa, kisha akaketi.

"Mlicheza mchezo gani?"

Mratibu akamweleza. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, mkono shavuni.

"Yaani watu wazima, wenye vyeti vyenu, mnamkaribisha msiyemwona, na wengine mnaitikia?"

"Ulikuwa mchezo wa kazi, shangazi."

"Kwenu mchezo. Kwake ni hodi iliyojibiwa. Angevunja mlango, mwanangu, ningemtoa kwa ubao wa mlango huo huo. Lakini huyu mmemwita mgeni."

Aliweka bakuli la maji mbele ya kiti cha kazi, akasoma dua kwa sauti ya chini kwa muda mrefu sana, hadi maji yakaanza kutikisika ingawa meza ilitulia. Ndipo sauti ya Kasuku ikasema kutoka nyuma ya kiti:

"Sikuiba. Nilikaribishwa. Nilikaa kwa adabu."

"Sauti ya mtoto ni ya nani?" akauliza Shangazi.

"Ni tamu. Anayo nyingi, alikuwa anaimwaga tu."

"Utairudisha."

"Nikitoka."

"Utatoka lini?"

"Niliingia na wageni, nitatoka na wageni. Nitafuatana na wa mwisho."

Shangazi akafunika bakuli. 

"Umesikia? Wale wenzako watano waliitikia, kwa hiyo kwake bado wamo humu. Watoke mmoja mmoja, kwa kinywa chao. Wa mwisho atampeleka kwake."

"Na mimi nikiwa wa mwisho?"

"Wewe ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba hatoki."

"Na tukikataa aondoke na mtu?"

"Basi atabaki. Akimaliza sauti atatafuta kingine. Usiniulize nini."

Ijumaa saa kumi walikuwa mtandaoni wote, kamera zimewashwa. Mratibu alimweka Kasuku mapajani, akawaeleza yote bila kupunguza. Alitarajia kucheka kwao. Hawakucheka. Chekacheka ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na macho yake yalikuwa yamekodoka.

"Mimi juzi niliisikia tena ile rekodi ya mchezo wetu. Nilihesabu pumzi. Ni saba. Nilidhani nimechoka."

"Mimi pia nilihesabu," akasema dada wa kesi kwa sauti ya kunong'ona. "Sikutaka kusema."

"Basi mniondolee," akasema mratibu. "Tafadhali. Mtoto wangu hasemi."

Kila mmoja akaanza kutafuta maneno ya heshima kwa jambo lisilo na heshima.

"Mimi naomba nianze," akasema dada wa kesi. "Mnajua nina kichanga."

"Na mimi wa pili," akadakia mwingine. "Mama yangu mgonjwa yuko chumba cha pili, jamani, hata mshtuko mdogo..."

"Watoto watatu!" akalia Chekacheka. "Watatu! Nami nisiwe wa mwisho!"

"Sote tuna watu," akasema wa nne.

"Mimi sina," akasema Mzee Mkato.

Walimtazama. Alikuwa ameketi wima, shati lake limefungwa vifungo hadi shingoni, ukuta mtupu nyuma yake.

"Niandikeni wa mwisho," akasema. "Msibishane, muda unakwenda."

"Mzee, subiri kwanza..." akaanza mratibu.

"Mama, mimi ndiye niliyesema sauti haiachwi bila mwenyewe. Endeleeni."

Na aibu yao, ambayo kila mmoja angeibeba baadaye kwa namna yake, haikuwazuia kuharakisha. Dada wa kesi alisema, "Nimetoka," akafunga. Wa pili akasema, akafunga. Wa tatu. Chekacheka alilisema neno hilo mara mbili, kwa woga kwamba la kwanza halikusikika. Kila mmoja alipoondoka, nyuma ya kiti cha mratibu nguo iliburutwa hatua moja mbele, na harufu ya ubichi ikamjia shingoni, na Kasuku akamng'ang'ania hadi kucha zikaingia, na Shangazi, aliyesimama kando na bakuli lake, akasoma kwa haraka zaidi na zaidi, maneno yakigongana, hadi kwenye kioo ukabaki uso mmoja, na ubaridi ukapita kati ya bega la mratibu na shavu la mtoto kama mtu mwembamba anayepenya kwenye msongamano kuelekea mlangoni.

"Nimetoka," akasema Mzee Mkato.

Kasuku akapiga ukelele. Ulikuwa ukelele wake mwenyewe, kutoka kifuani mwake mwenyewe, na ukafuatiwa na kilio, na kilio kikafuatiwa na maneno ya wiki nzima yaliyotoka kwa fujo, yule mtu, viatu, Mama nilikuwa nakuita. Mratibu alimkumbatia huku macho yake yakiwa kwenye kioo. Mzee Mkato hakuwa amefunga. Nyuma yake, katika nyumba ile isiyokuwa na sauti, nguo iliburutwa sakafuni, ikasimama.

Mzee hakugeuka.

"Kiti kipo," akasema, na picha ikakatika.

Jumatatu kazi yake ilifika mapema, safi, kila mkato mahali pake. Simu hakupokea. Jumanne hakupokea. Shangazi alipoulizwa alisema kazi yake ilikuwa kumtoa jini katika nyumba ya mwanawe, na kwamba kwa mzee ameingia kwa mwaliko wa mtu mwenye akili zake. Kisha akasema atakwenda, lakini si kabla ya Ijumaa, hana nguvu. Mratibu hakuweza kungoja Ijumaa. Jumatano alimwachia Kasuku, akapanda mabasi mawili, akaulizia njia kwa wauza duka, akafika mchana kweupe kwenye nyumba ndogo yenye ngazi tatu na mlango wa buluu.

Mzee alifungua kabla mgeni hajabisha hodi. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kwenye kamera. Alitoka nje, akauegesha mlango nyuma yake, akamshika mratibu mkono kwa mikono yake miwili, kwa furaha ya kweli. Akafungua mdomo kumsalimu, na kilichotoka ni pumzi.

"Mzee," akanong'ona mratibu. "Siku tano tu?"

Akainua mabega. Akatoa daftari mfukoni, akaandika kwa mwandiko ulionyooka: *Sikuwa na akiba kubwa, mama. Mtoto anaongea?*

"Anaongea. Hanyamazi."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndipo kutoka ndani ya nyumba, kupitia ule upenyo wa mlango, sauti ya Mzee Mkato ikasema kwa upole:

"Mama Kasuku! Mbona unasimama nje kama mdai? Pita ndani, mwanangu."

Mratibu alihisi jibu likimpanda kooni lenyewe, jibu ambalo amefundishwa tangu utotoni kumpa mtu mzima anayemkaribisha. Mzee alimwekea kiganja mdomoni. Kisha akaandika kwa haraka, bila mkato hata mmoja: *Usiitikie kaa hapa.*

Wakaketi kwenye ngazi. Ndani, sauti ikaendelea kumkaribisha, kwa adabu, kwa subira, ikamsifu mtoto wake, ikauliza habari za barabarani. Alipozidi kunyamaza ikaachana naye, ikaanza kuzungumza na mzee. Ilimwita kwa jina ambalo hakuna mtu wa kazini aliyelijua. Ikamkumbusha siku moja ya mvua, na ndoo, na mwanamke aliyepanda juu ya meza akaziba paa kwa kanga yake, kisha ikacheka. Na kilikuwa kicheko cha mzee mwenyewe, cha zamani, cha kifua kizima, ambacho timu yote haikuwahi kukisikia.

Mzee akageuza kichwa kuelekea mlango. Akatega sikio, kama anavyofanya mnukuzi akitaka kurudisha rekodi nyuma. Polepole akaanza kuinuka.

Mratibu akamshika mkono wa shati, akauzungusha kwenye ngumi yake, akaung'ang'ania.