Lifti ya Gahongayire

Umeme wa jengo zima ulikuwa umezimwa, lakini skrini ya mapokezi, ile yenye betri yake, ilionyesha kwamba lifti inakula umeme. Namba zilikuwa zinapanda polepole.

Arthur, meneja wa jengo, alizitazama. Yeye ndiye aliyesimamia mashindano: jengo lao la Nyarutarama libane matumizi ya umeme kuliko tawi la Kagugu. Wafanyakazi waliitikia, wakazima kompyuta, wakafungua madirisha badala ya kuwasha viyoyozi. Kwa Arthur hayo hayakutosha. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, watu wakiwa barabarani na majembe, alizima swichi kuu bila kupanda kuangalia. Nani angekuwa ofisini siku ya umuganda? Gahongayire, mwanamke mfagiaji, alikuwemo ndani ya lifti na pumu yake. Walimkuta Jumatatu, amekufa. Arthur akaapa mbele ya mama wa marehemu kwamba umeme ulikatika mtaani.

Tangu hapo kengele ya lifti inalia yenyewe, na harufu ya sabuni ya Gahongayire inashuka ngazini. Pretty wa mapokezi alichoka kutetemeka. Jumamosi hii akamleta Usumani, fundi cherehani wa Biryogo anayesoma dua. Usumani ndiye aliyeagiza umeme uzimwe, aone kama ni mashine au ni kitu.

"Bosi," Pretty alinong'ona, "iko muntu ndani."

"Nyamaza. Ni mashine mbovu."

Usumani alisoma, akakatisha. "Mimi nafukuza majini. Huyu hapana jini. Huyu anataka kweli tu, halafu ataenda. Nani alizima?"

Neno moja lingemwokoa. Arthur akafikiria cheo chake.

"Umeme ulikatika mtaani."

Njia ya mwongo ni fupi. Kengele ikalia, milango ya lifti ikafunguka bila umeme, harufu ya sabuni ikajaa hadi Pretty akaziba pua, na miguu ya Arthur ikaanza kwenda bila yeye kuiamuru, viatu vikiburuzika sakafuni, akishika meza, akishika ukuta, akishika kanzu ya Usumani mpaka ikachanika, hadi milango ikamfungia.

Pretty akakimbilia swichi, akaiwasha. Hakikuwaka kitu.

"Ni mimi!" Arthur alipiga ngumi humo ndani. "Mimi nilizima! Mana yanjye, Mungu wangu, fungueni!"

Alilia kama mtoto, na wala usimwonee huruma. Kisha kifua chake kikaanza kupiga filimbi, yeye ambaye hakuwahi kuugua pumu.

Sauti ya mwanamke ikambembeleza kwa upole: "Tulia, bosi. Jumatatu watakuja."