Meno Kwenye Mkate wa Tohir

Asubuhi ile ya kupaka chokaa jikoni, Lobar hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa juu ya kigoda, brashi mkononi, anaimba ovyo kama kawaida yake. Mkwewe, Bibi Savri, alikuwa kwangu, mimi jirani yao, anakunywa chai na kumsengenya.

Ukutani ulining'inia mkate wa Tohir, mume wake. Kwetu mtu akienda mbali huuma mkate mara moja, na unaobaki hufungwa kitambaani ukatundikwa mpaka arudi aumalize. Tohir alikuwa Urusi mwaka wa pili, anabeba matofali. Lobar akafungua kitambaa apanguse vumbi. Panya walikuwa wameula. Umebaki ukoko mmoja tu, wenye alama ya meno ya mumewe.

Aliogopa ulimi wa mkwe, si mkate.

"Unga, maji, chumvi," alijiambia. "Kuna utakatifu gani hapo?"

Akaoka mwingine, akautoboa nakshi zilezile, kisha akafanya ujinga wa mwisho: akauuma mwenyewe, akautundika. Ukoko wa Tohir akawatupia kuku.

Kuku hawakuugusa. Walijibana ukutani wote, kimya.

Siku ya tatu, adhuhuri, jua linawaka, Tohir akaingia uani. Hakupiga simu kabla. Hana begi. Mbwa aliyemlea mwenyewe alirudi nyuma akiburuza tumbo.

"Mwanangu! Umekonda kama mpini wa jembe!" Bibi Savri alicheka huku analia. "We Lobar, unashangaa nini, mume hujawahi kumwona? Teremsha mkate!"

Lobar akauteremsha. Tohir aliketi kwenye godoro, akaushika. Akaunusa. Akaunusa tena.

"Huu si wangu," alinong'ona.

"Si wako vipi, mwanangu?"

Alimtazama Lobar. Hakupepesa.

"Aliyeuuma huu ndiye niliyemfuata."

Simu ya Bibi Savri ikalia pale dirishani. Wakaiendea wote wawili, mkwe na Lobar.

"Mama, ni mimi Tohir. Nimepata tiketi, keshokutwa niko nyumbani. Mwambie Lobar asinipikie maboga."

Waligeuka. Godoro tupu. Lobar akaligusa. Baridi. Mkate ulikuwa umelazwa kifudifudi, uso chini. Kwetu hata mlevi hafanyi hivyo.

"Umefanya nini?" mkwe alinong'ona. Kwa mara ya kwanza hakutukana.

Lobar akasema yote.

"Na mwanangu yuko njiani! Tafuta ule ukoko!"

Wakapiga magoti kwenye mavi ya kuku, mkwe na mkamwana, wakichakura kwa kucha. Wakaupata. Ulikuwa mkavu, safi, kama umetoka kitambaani sasa hivi.

Keshokutwa yake Tohir akafika na mabegi yake. Mbwa akamrukia kwa furaha. Hata hivyo Bibi Savri alimtia ukoko mdomoni kabla hajavua viatu. Meno yakaingia palepale.

"Mama, hata salamu hamna?" Tohir alisema huku anatafuna.

Yeye alipona. Lobar ndiye sasa haruki chembe ya mkate chini bila kuiokota na kuibusu, na haimbi.

Mkate aliouuma Lobar hakuna anayethubutu kuula wala kuutupa. Upo kwenye msumari uleule. Una mapengo mawili: moja lake, na jingine upande wa pili, pana, lisilolingana na mdomo wa mtu yeyote wa nyumba ile. Nimetia mkono wangu humo, sisemi ya kuambiwa.

Mwaka wa kwanza, kati ya pengo na pengo vilienea vidole vinne. Mwaka jana, vitatu.

Juzi ilikuwa siku ya kupaka chokaa. Lobar aliteremka kigodani, akaniwekea mkate mbele, akafumba macho.

"Bibi, nipimie wewe."

Nikapima. Kimoja.