Wimbo wa Muhogo wa Suanua

Jamani, sogeeni niwaeleze yaliyoipata nyumba ya Suanua, huku kwetu kwa Waachuar, katika msitu wa Amazoni.

Nyumba ile ilikuwa na utulivu. Kila alfajiri Suanua na bintiye Yamanuch walikunywa wayus ya moto, chai yetu ya majani ya msituni, kisha mama akaenda shambani peke yake kuuimbia muhogo. Nyimbo hizo ni siri ya mwanamke na shamba lake. Mama humrithisha binti aliyefunga kula, na wengine wakizisikia, basi nguvu za nyimbo zimekwisha.

Ndipo mradi wa kufundisha kusoma na kuandika ukashuka na ndege, pamoja na mwalimu wake. Yamanuch alikuwa mwepesi wa kushika, na mwalimu akamsifu mpaka kichwa kikavimba.

"Mwanangu, anza kufunga nikupe nyimbo," mama yake akamwambia. "Mimi nazeeka."

"Njaa siiwezi, mama. Wewe imba, mimi niandike."

"Na hiyo karatasi haina mdomo?"

"Mama nawe! Karatasi itasema nini?"

Suanua alimpenda mno mtoto wake. Akamwimbia wimbo mmoja.

Yamanuch, kwa kutaka sifa, akauandika na kumpelekea mwalimu. Mwalimu naye hakuuliza kama ni ruhusa. Alifurahi kupata maneno ya lugha yetu, akauchapisha katika kitabu cha darasa.

Siku moja Suanua alikuwa akirudi shambani na kapu mgongoni. Akausikia wimbo wake ukisomwa na darasa zima, wavulana wakiukatia viuno na kucheka. Akatua kapu, akasimama palepale.

Yamanuch alitoka mbio. "Mama, sikujua watausoma."

"Msomi mzima, hujui kuwa vitabu husomwa?"

Hakuimba tena. Kwetu, muhogo usioimbiwa hunyonya damu ya watu, hivyo Suanua akaliogopa shamba lake mwenyewe. Magugu yakalimeza. Homa ilipomlaza, Yamanuch alipiga magoti akilia. Akasema sasa amefunga kula, apewe nyimbo zilizobaki.

"Kamwombe mwalimu wako," mama akajibu, akamgeuzia mgongo.

Mwalimu alishaondoka, mradi wake umekwisha. Suanua akafa na nyimbo zake. Inauma, jamani. Yamanuch leo huwasomea barua wanakijiji wote, lakini shambani kwa mama yake haingii. Hana la kuuambia muhogo.

FUNZO

Sisemi watoto wasisome. Wasome sana. Ila kujua kuandika si ruhusa ya kuchukua siri ya mtu. Nanyi wenye miradi, mkiingia nyumbani kwa watu, ulizeni kwanza kipi hakiguswi. Na wewe mtoto, mama akikuita akurithishe, nenda siku hiyohiyo, kwa masharti yake.